Runinga ya chogo kuwa monita ya kabati la gemu: mwongozo kamili, kuanzia dukani hadi jaribio la saa mbili

Makabati matatu ya mwisho ya gemu, yale ya kuchezea ukiwa umesimama kama mashine za sarafu, niliyoombwa kuyatazama yalikuwa na kasoro tofauti. Katika la kwanza, runinga ilikuwa imeungwa na kompyuta kwa waya wa VGA uliokatwa na kutiwa kwenye plagi ya SCART (ile plagi pana ya runinga za Ulaya), na picha ilikuwa mistari ya mshazari tu. La pili lilifanya kazi vizuri hadi umeme ulipokatika. Uliporudi, runinga ilibaki na taa yake nyekundu, na rimoti ilikuwa imefungiwa ndani ya kabati. La tatu lilikuwa limevuliwa runinga yake ganda, chasisi imeegeshwa juu ya kipande cha plaiwudi, na mwenye nalo alikuwa ameshapigwa na umeme mara mbili.

Wenye makabati hayo wote watatu walifuata maelekezo yaliyoandikwa kwa ajili ya monita halisi ya gemu za sarafu. Monita hiyo haina ganda, haina rimoti, huwaka mara tu inapopata umeme, na nyingi huhitaji transfoma ya kutenganisha kabla ya kuunganishwa na umeme wa ukutani. Runinga ya nyumbani ina tabia kinyume na hizo zote. Kinachoifanya ifae ni jambo moja tu: inachora mistari kwa kasi ileile ya monita ya kawaida ya gemu za zamani, yaani takriban mistari 15,600 hadi 15,700 kwa sekunde.

Kwa hiyo mwongozo huu unashikilia kanuni moja ambayo sitaibadilisha njiani: runinga ibaki ndani ya ganda lake, na ishara zote ziingie kupitia matundu yake ya nyuma.

Vifaa vya kuandaa

- Runinga ya chogo ya inchi 20 au 21 yenye matundu ya AV (yale ya duara, la njano la picha na mengine ya sauti), na kama ikipatikana, yenye soketi ya SCART. Nyingi za SCART ni zile zilizotumika Ulaya zikaletwa kama mtumba.
- Rimoti yake, au rimoti ya jumla inayofungua menyu yake. Usinunue runinga bila kuhakikisha jambo hili.
- Chanzo cha gemu: ama Raspberry Pi 3 (kompyuta ndogo ya bodi moja), ama bodi halisi ya gemu yenye mpangilio wa JAMMA (utaratibu wa pamoja wa miguu ya bodi za gemu za sarafu) pamoja na waya zake.
- Kwa njia ya JAMMA: pawa saplai ya kabati inayotoa volti 5 na volti 12, plagi ya SCART, rezista tatu za omu 220, moja ya omu 470, moja ya omu 180, moja ya omu 1,000, na rezista tatu za kuzungusha za omu 1,000, za aina ile ya volyumu ya redio.
- Kwa njia ya Raspberry Pi: waya wa AV wenye plagi ya milimita 3.5 yenye migawanyo minne.
- Multimita, chuma cha kulehemu na risasi yake, bisibisi, tepu ya kupimia.
- Mbao ngumu za kubebea runinga, mikanda ya kufungia mizigo, kadibodi nyeusi, na feni ndogo ya volti 12.
- Spika yenye kinga ya sumaku, au nafasi ya kuiweka spika ya kawaida mbali na kioo.
- Kilinda umeme chenye kuchelewesha, kile kinachouzwa kwa ajili ya runinga au friji.

Onyo kabla ya kushika bisibisi

Tyubu ya rangi ya ukubwa huu, yaani kioo chote cha runinga pamoja na shingo yake ya nyuma, hufanya kazi kwa takriban volti 25,000 kwenye kofia yake ya mpira, na inaweza kuhifadhi chaji kwa siku kadhaa baada ya kuchomolewa. Kapasita kubwa ya upande wa umeme wa ukutani hubeba zaidi ya volti 300. Shingo ya tyubu ni kioo chembamba. Ukiigonga, hewa inaingia na tyubu imekwisha.

Kuna sababu nyingine ambayo watu wengi hawaifikirii. Katika runinga nyingi, sehemu ya chasisi imeunganishwa moja kwa moja na umeme wa ukutani, na ni matundu ya nyuma tu yaliyotengwa ili binadamu aweze kuyagusa. Ukivua ganda na kufunga chasisi kwenye kabati lenye bati, skrubu na mikono ya watoto, umeondoa ulinzi wote ambao kiwanda kiliuweka. Kwa sababu hiyohiyo, runinga ya zamani sana isiyo na tundu la AV hata moja haifai kwa kazi hii, hata ukipewa bure.

Hatua ya 1: Ichague runinga kwa jaribio la plagi

Watu huangalia kioo kwanza. Mimi huangalia plagi kwanza, na nitaeleza kwa nini.

Kabati langu la pili nililijenga kwa runinga nzuri kabisa, yenye rangi kali na kona zilizonyooka. Nilipoizima swichi ya ukutani na kuiwasha tena, runinga ilisubiri kubonyezwa. Kila jioni ilibidi nipitishe mkono kwenye tundu la spika, nikiwa nimelala kifudifudi, ili nibonyeze kitufe kwa ncha ya penseli. Baada ya wiki mbili niliitoa yote, kilo zaidi ya ishirini, na kuanza upya.

Hivyo basi, ukiwa dukani au kwa fundi, fanya yafuatayo kwa mpangilio huu:

1. Omba runinga iwashwe na iwekwe kwenye AV.
2. Ikiwa inafanya kazi, chomoa plagi ukutani. Usitumie rimoti wala kitufe cha mbele.
3. Hesabu hadi thelathini, kisha chomeka tena.

Runinga inayofaa huwaka yenyewe. Iliyo bora zaidi huwaka ikiwa bado kwenye AV. Ikiwaka lakini ikarudi kwenye chaneli, bado inafaa kama ina SCART, kwa sababu tutaona baadaye kwamba SCART inaweza kuilazimisha iende kwenye AV. Ikibaki na taa nyekundu, iache hapohapo, hata kama bei ni ya kutupa. Kwa uzoefu wangu, zenye swichi kubwa inayobonyea na kubaki ndani hufaulu jaribio hili mara nyingi zaidi.

Baada ya hapo ndipo uangalie kioo. Omba picha nyeupe tupu. Kona ziwe na rangi moja. Madoa ya zambarau au kijani huenda yakawa sumaku tu na yataondoka, lakini kivuli cha nembo ya chaneli kilichoganda kwenye kioo hakiondoki kamwe. Picha inayochukua dakika kadhaa kung'aa ni dalili ya tyubu iliyochoka.

Ingia pia kwenye menyu na utafute mpangilio wa kuzima runinga yenyewe pale ishara inapokosekana. Uzime. Bodi ya gemu ikichelewa kuwaka, hutaki runinga ikate tamaa kabla yake.

Hatua ya 2: Amua njia ya kuingizia picha

Njia ziko tatu, na moja ya kuepuka.

Ya kuepuka ni VGA ya kompyuta kama ilivyo. Kompyuta hutuma mistari zaidi ya 31,000 kwa sekunde, mara mbili ya ile ambayo runinga inaweza kuchora, na hakuna waya wala rezista inayopunguza kasi hiyo. Mistari ya mshazari iliyotajwa mwanzoni ndiyo matokeo yake. Usiiache runinga katika hali hiyo. Izime mara moja.

Vile visanduku vidogo vinavyobadilisha HDMI kuwa AV hufanya kazi, na kwa mtu anayetaka kabati liwake leo havina ubaya. Kasoro yake ni kwamba vinaipunguza picha, kuilainisha na kuitoa kwa mistari inayopishana, kwa hiyo herufi hutetemeka na kitufe huchelewa kidogo kuitika. Katika gemu ya kupigana utauhisi ucheleweshaji huo.

Zinabaki mbili za maana: Raspberry Pi kupitia tundu la njano, ambayo ni rahisi, na bodi ya JAMMA kupitia SCART, ambayo inatoa picha safi zaidi. Soma hatua ya 3 au ya 4 kulingana na ulichonacho, na uyafanye yote mezani, runinga ikiwa bado nje ya kabati.

Hatua ya 3: Raspberry Pi kupitia tundu la njano

Tatizo la kwanza hapa ni waya wenyewe. Waya wa AV wenye plagi ya milimita 3.5 huuzwa kwa mipangilio tofauti, na yote inafanana kwa macho. Katika Raspberry Pi, kuanzia nchani, mpangilio ni sauti ya kushoto, sauti ya kulia, ardhi (ground), kisha picha kwenye pete ya mwisho iliyo karibu na mpini. Weka multimita kwenye mlio, gusa pete hiyo ya mwisho, halafu gusa ncha ya kila plagi ya upande wa pili. Ile inayolia ndiyo utakayochomeka kwenye tundu la njano, hata kama ina rangi nyekundu. Ikiwa pete ya ardhi haifiki kwenye ganda la nje la plagi, waya huo haufai, tafuta mwingine.

Tatizo la pili ni mipangilio. Fungua faili la config.txt kwenye kadi ya kumbukumbu, na katika mifumo ya gemu inayotumia kiendeshi cha picha cha zamani, weka mistari hii:

hdmi_ignore_hotplug=1
sdtv_mode=16
sdtv_aspect=1

Mstari wa kwanza unaiambia isijali HDMI. Wa pili unachagua picha ya NTSC (mfumo wa runinga wa Marekani na Japani; wetu ni PAL, wa picha 50 kwa sekunde) isiyopishanisha mistari, yaani ile inayochorwa kwa mkupuo mmoja mara 60 hivi kwa sekunde. Wa tatu unaweka umbo la 4 kwa 3. Kwa Raspberry Pi 4 ongeza enable_tvout=1, kwa kuwa katika toleo hilo tundu la picha huja likiwa limezimwa.

Kwa nini NTSC wakati sisi ni watu wa PAL? Kwa sababu gemu nyingi za sarafu ziliundwa kwenda kwa picha karibu 60 kwa sekunde, na ukizilazimisha ziende kwa 50 zitakwenda polepole au kwa kurukaruka. Runinga nyingi zilizouzwa kwetu zikitokea Asia hukubali mifumo yote miwili. Soma jibu la runinga yako hivi:

- Picha imetulia na ina rangi: umefaulu, endelea.
- Picha imetulia lakini haina rangi: runinga inaimudu kasi ya 60 ila haiisomi rangi ya NTSC. Ingia kwenye menyu, tafuta mfumo wa rangi, na ujaribu NTSC badala ya kuiacha ichague yenyewe.
- Picha inapanda au kushuka bila kukoma: runinga haiiwezi kasi hiyo. Badilisha 16 iwe 18, ambayo ni PAL isiyopishanisha, na uyakubali mapungufu yake.

Sauti usiipitishe kwenye waya huu kama una njia nyingine. Sauti ya tundu lile katika Raspberry Pi ina mnong'ono unaosikika gemu ikiwa kimya. Kadi ndogo ya sauti ya USB inalimaliza tatizo hilo.

Hatua ya 4: Bodi ya JAMMA kupitia SCART

Hapa ndipo penye utamu wa kazi yote, na ndipo panapounguza bodi nyingi. Bodi hutoa nyekundu, kijani na bluu kila moja kwenye waya wake, na runinga yenye SCART kamili huzipokea bila kuzichanganya. Kwa kuwa rangi haijafumbwa kwa PAL wala NTSC, suala la mfumo wa rangi linaondoka lenyewe. Runinga inabidi tu ishike kasi ya 60, na karibu zote zenye SCART nilizozishika hufanya hivyo.

Kikwazo ni nguvu. SCART hutarajia rangi ya volti 0.7, wakati bodi ya JAMMA inaweza kutoa volti 3 au zaidi. Ukiunganisha moja kwa moja, utapata picha nyeupe iliyomwagika kama maziwa, na unahatarisha saketi za kupokelea.

Kontekta ya JAMMA ina miguu 56, yaani 28 kwa upande wa vifaa na 28 kwa upande wa lehemu. Hii ndiyo miguu utakayoihitaji:

- Nyekundu: mguu wa 12 upande wa vifaa, kwenda SCART 15.
- Kijani: mguu wa 12 upande wa lehemu, kwenda SCART 11.
- Bluu: mguu wa 13 upande wa vifaa, kwenda SCART 7.
- Ishara ya ulinganishi, ile inayoiambia runinga mstari na picha zianze wapi: mguu wa 13 upande wa lehemu, kwenda SCART 20.
- Ardhi ya picha: mguu wa 14 upande wa vifaa, kwenda SCART 5, 9, 13, 17 na 18 kwa pamoja.

Sasa fuata mpangilio huu.

1. Pima pawa saplai kabla ya kuiunganisha na bodi. Volti 5 iwe kati ya 4.95 na 5.10. Pawa saplai nyingi za kabati zina skrubu ndogo ya kurekebishia. Bodi zilizouawa na volti 6 zilizoachwa na mtumiaji aliyetangulia ni nyingi kuliko zilizokufa kwa uzee.

2. Kwenye kila waya wa rangi, lehemu rezista ya omu 220 ikifuatiwa na rezista ya kuzungusha ya omu 1,000. Ile ya kudumu ni kinga: hata ukizungusha hadi mwisho, nguvu haitapita kiasi cha kuogopesha. Zote tatu zianze zikiwa kwenye ukinzani mkubwa kabisa.

3. Kwenye waya wa ulinganishi lehemu rezista ya omu 470.

4. Chukua volti 5, ipitishe kwenye rezista ya omu 180, uipeleke SCART 16. Mguu huu ndio unaoiambia runinga isome rangi tatu badala ya picha ya kawaida, na hutaka kati ya volti 1 na 3. Kwa rezista hiyo utapata takriban 1.5. Wengi husahau mguu huu, kisha hulalamika kwamba picha ni nyeusi ilhali sauti ipo.

5. Chukua volti 12, ipitishe kwenye rezista ya omu 1,000, uipeleke SCART 8. Mguu huu ndio unaoilazimisha runinga iende AV kila inapowaka, na ndio unaomwokoa yule ambaye runinga yake hurudi kwenye chaneli.

6. Spika ya bodi, mguu wa 10 wa pande zote mbili, iende kwenye spika halisi ya omu 8. Sauti hiyo imeshakuzwa tayari. Usiiingize kwenye tundu la sauti la runinga, na usiuunge waya wake wa hasi na ardhi.

7. Kabla ya kuwasha, pima kwa mlio kwamba hakuna waya wa rangi uliogusana na ardhi, kisha angalia kizuizi kidogo kwenye nafasi ya mguu wa 7, kinachoizuia kontekta isiingie kinyume. Kama hakipo, weka alama ya rangi juu ya kontekta na bodi, kwa kuwa kuichomeka kinyume mara moja tu kunaweza kuiua.

Washa. Picha itakuwa hafifu, jambo ambalo ndilo tunalolitaka. Bonyeza swichi ya majaribio ya bodi, ambayo katika bodi nyingi huleta picha ya rangi au gridi, kisha zungusha nyekundu, kijani na bluu kidogokidogo, kwa zamu, hadi nyeupe iwe nyeupe ya karatasi. Ukifika mahali ambapo herufi nyeupe zinaanza kuvuja kuelekea kulia, umezidisha. Rudi nyuma robo mzunguko.

Picha ikiwa imepinda juu, kama bendera kwenye upepo, ulinganishi una nguvu isiyofaa. Jaribu omu 680 badala ya 470 kabla ya kulaumu bodi.

Hatua ya 5: Jenga kitanda cha runinga ndani ya kabati

Runinga ya chogo haina uzito uliogawanyika sawa. Kioo cha mbele ndicho kinene, kwa hiyo karibu uzito wote uko mbele, ilhali chogo chenyewe nyuma ni plastiki na hewa. Rafu inayobeba katikati itaachia runinga ianguke kifudifudi juu ya vitufe.

Weka boriti moja ngumu chini ya ukingo wa mbele wa ganda, na nyingine nyuma. Rafu yote iinamishe kuelekea nyuma kiasi, ili mchezaji aliyesimama auone uso wa kioo bila kuinama, na uzito uegemee ndani ya kabati. Pigilia kizuizi cha mbao nyuma na mbele, kisha funga ganda kwa mikanda miwili ya mizigo. Usipitishe skrubu kwenye ganda. Hujui ncha yake inaishia wapi.

Muwe watu wawili wakati wa kuiingiza, kioo kikielekea kifua cha mbebaji.

Ganda litaonekana kubwa kwa mbele, na hiki ndicho kishawishi kinachowafanya watu walivue. Kata fremu ya kadibodi nyeusi yenye dirisha linalolingana na kioo, weka kioo kigumu au plastiki angavu mbele yake, na hakuna atakayejua kilichopo nyuma. Acha tundu dogo mbele ya jicho la rimoti.

Hatua ya 6: Umeme, joto na sumaku

Runinga na pawa saplai ziungwe nyuma ya swichi moja, zikipitia kilinda umeme. Umeme ukirudi kwa mapigo, kama unavyofanya mara nyingi kwetu, kile kipindi cha kusubiri huikinga runinga isiwashwe na kuzimwa mara tatu ndani ya sekunde kumi. Bati lolote la sehemu ya vitufe liungwe na waya wa ethi wa pawa saplai.

Toboa matundu chini na juu ya mgongo wa kabati, na feni ya volti 12 ikae juu ikitoa hewa nje. Acha angalau sentimita kumi kati ya matundu ya ganda na mbao.

Sumaku ndiyo inayowashangaza wengi. Spika ya kawaida ikikaa karibu na kioo huvuta miale ndani ya tyubu, na kona hugeuka kijani au zambarau. Isogeze mbali, nusu mita kama nafasi inaruhusu. Runinga ina waya wa kujisafishia sumaku unaofanya kazi kwa sekunde chache tu inapowashwa ikiwa imepoa; kuizima na kuiwasha harakaharaka hakusaidii kitu. Izime nusu saa, kisha iwashe. Huenda ukahitaji kurudia mara mbili au tatu.

Hatua ya 7: Rekebisha ukingo wa picha

Runinga za nyumbani hukata kingo za picha kwa makusudi, na katika gemu alama na idadi ya maisha hukaa pembezoni hapohapo. Kwenye Raspberry Pi, anza na mistari ya overscan_left, overscan_right, overscan_top na overscan_bottom katika config.txt, ukiongeza kidogokidogo, na kama gemu yenyewe haifuati, tumia mipangilio ya picha ya kiigizaji chake, yaani programu inayoiga mashine ya gemu.

Kwa bodi ya JAMMA, baadhi ya bodi zina marekebisho ya nafasi ya picha, lakini nyingi hazina. Hapo itabidi uingie kwenye menyu ya fundi ya runinga, ambayo kila chapa huifungua kwa njia yake. Piga picha kila ukurasa kwa simu kabla ya kugusa namba yoyote. Gusa tu namba za urefu, upana na nafasi. Fanya hivyo gemu ikiwa inaonekana, kwa sababu runinga nyingi huhifadhi vipimo vya kasi ya 50 na ya 60 kando kando. Ukirekebisha ukiwa kwenye chaneli ya kawaida, gemu haitabadilika.

Punguza pia kontrasti kuliko ulivyozoea sebuleni. Jina la gemu linalokaa mahali pamoja mchana kutwa huacha kivuli chake kwenye kioo.

Kuhusu gemu za wima

Wapo wanaotaka kuilaza runinga ubavuni kwa ajili ya gemu za kupiga ndege za angani. Sishauri. Matundu ya joto hubadilika mwelekeo, ganda halikuundwa kubeba kioo kwa upande huo, na rangi za kona huvurugika hadi tyubu isafishwe sumaku ikiwa katika mkao mpya. Kiigizaji kinaweza kuonyesha gemu ya wima katikati ya kioo kilicholala, ikiwa ndogo, na kwa kabati moja la gemu mchanganyiko hiyo inatosha.

Jaribio la saa mbili

Funga mlango wa nyuma, washa kwa swichi ya ukutani, na uache gemu iende saa mbili bila kuiacha peke yake nyumbani. Kila nusu saa pitisha mkono juu ya matundu ya feni. Hewa ya vuguvugu ni sawa. Harufu ya plastiki au vumbi linaloungua si sawa, na hapo zima, chomoa, uongeze matundu.

Saa mbili zikiisha, angalia mambo matatu: nyeupe haijageuka rangi, picha haijajivuta kuelekea upande mmoja, na mikanda haijalegea. Kisha kata umeme ukutani, subiri dakika moja, uurudishe. Usiguse kingine chochote. Gemu ikionekana kwenye kioo bila rimoti, unaweza kuzungusha skrubu za mwisho za mlango wa nyuma.